Nyumba Imeshauzwa, Kesi Inahamishwa

Tangu mtikisiko wa mikopo ya nyumba wa mwaka 2008, masjala ya mahakama ya shirikisho mjini Los Angeles imezoea kupokea shauri la aina moja. Anafika mtu asiye na wakili, mkononi ana karatasi alizoziandaa mwenyewe au alizoandikiwa na mtu aliyemlipa. Nyumba yake iliwekwa rehani, marejesho yakakwama, nyumba ikapigwa mnada. Mnunuzi, ambaye mara nyingi ni benki yenyewe, akafungua kesi katika mahakama ya jimbo kumtaka aondoke. Sasa mtu huyo anaihamisha kesi kwenda mahakama ya shirikisho. Karatasi zinagongwa muhuri, analipa ada au anaomba asamehewe, anarudi nyumbani akiwa na matumaini. Baada ya siku au wiki chache inakuja amri fupi ya jaji: mahakama hii haina mamlaka, shauri lirudi lilikotoka.

Ukizisoma amri hizi moja baada ya nyingine utaona zinakaribia kufanana neno kwa neno. Atlanta nako hali ni hiyo hiyo. Anayeipokea huona amedharauliwa, kwa sababu alikuwa na mambo mazito ya kusema: kwamba nyaraka za mkopo zilisainiwa na mtu asiyezisoma, kwamba kampuni iliyosimamia mkopo ilimwambia asubiri jibu la maombi yake ya nafuu huku ikiandaa mnada, kwamba notisi hazikumfikia. Mambo ya namna hiyo yalitokea kweli, tena kwa wingi. Mwaka 2012 benki 5 kubwa zilikubali suluhu ya dola bilioni 25 na serikali ya shirikisho pamoja na majimbo 49 kwa sababu ya mambo hayo. Lakini jaji aliyeirudisha kesi hakuukataa ukweli wa mtu huyo. Hakuufikia kabisa. Aliuliza swali jingine, na jibu lake alilipata katika karatasi iliyoandikwa na benki.

Watu wanaumia mara mbili kwa kutoelezwa jambo hili mapema, ndiyo maana nitalieleza taratibu.

Marekani ina ngazi mbili za mahakama zilizosimama bega kwa bega. Kila jimbo lina mahakama zake, kuanzia ya chini hadi ya juu kabisa, na hizo ndizo zinazobeba maisha ya kila siku: mikataba, ardhi, ndoa, mirathi, kodi ya nyumba. Pembeni yake zipo mahakama za shirikisho, zenye majaji wanaoteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti. Mtanzania atakumbuka kwamba Mahakama Kuu ya Zanzibar si chombo cha Muungano, ingawa rufaa zake nyingi huishia Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Tofauti ni kwamba Marekani imeweka njia ya kuvuka kutoka ngazi moja kwenda nyingine kesi ikiwa bado changa, kabla ya hukumu, na njia hiyo ipo tangu sheria ya mahakama ya mwaka 1789.

Mahakama ya jimbo husikiliza karibu kila kitu. Mahakama ya shirikisho husikiliza yale tu iliyopewa na Katiba na Bunge, na kwa raia wa kawaida hayo huingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni dai linalotokana na sheria ya shirikisho. Wa pili ni ugomvi kati ya raia wa majimbo tofauti wenye thamani inayozidi dola 75,000, kiwango kilichowekwa na sheria ya mwaka 1996. Mlalamikiwa aliyeshtakiwa katika mahakama ya jimbo anaweza kulihamisha shauri ikiwa lingeweza kufunguliwa katika mahakama ya shirikisho tangu mwanzo. Kama lisingeweza, kuhama hakulipi sifa ambayo halikuzaliwa nayo.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani, na wepesi huo ndio unaowavuta wengi. Mlalamikiwa haombi ruhusa ya jaji yeyote. Anaandika notisi ya kuhamisha shauri akieleza sababu, anaambatanisha nakala za nyaraka alizopelekewa, anaiwasilisha masjala ya mahakama ya shirikisho ndani ya siku 30 tangu apokee hati ya madai. Fomu ya jalada ina visanduku vya kuweka alama: shauri linaingia kwa msingi gani, sheria ya shirikisho au uraia tofauti, limeanzia hapa au limehamishwa kutoka jimboni. Kisha nakala ya notisi inapelekwa kwa upande wa pili na kwa karani wa mahakama ya jimbo. Nakala ile ikishapokelewa jimboni, mahakama ya jimbo inasimama. Sheria inasema haiendelei hata hatua moja mpaka shauri lirudishwe.

Kusimama huko si kwa heshima tu. Mwaka 2018 huko Puerto Rico, kesi ya malipo ya uzeeni ya walimu wa shule za Kikatoliki ilihamishwa na Jimbo Kuu Katoliki la San Juan kwenda mahakama ya shirikisho. Shauri likiwa huko, mahakama ya mwanzo ya Puerto Rico iliendelea kutoa amri za malipo na za kukamata mali. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 2020 kwamba amri hizo ni batili, kwa kuwa zilitolewa na mahakama ambayo wakati huo haikuwa na mamlaka. Kwa mtu anayesubiri sherifu aje kumtoa na vyombo vyake, hii ni nguvu kubwa: karatasi moja, bila idhini ya jaji, inasimamisha kila kitu.

Lakini kusimamisha ni jambo moja na kubaki ni jingine. Jaji wa shirikisho hulazimika kuangalia mamlaka yake mwenyewe, hata kama benki haijasema neno. Upungufu wa utaratibu, kama kupitisha zile siku 30 za kuhamisha, benki inapaswa kuulalamikia ndani ya siku 30 la sivyo unapita. Ukosefu wa mamlaka haupiti kamwe. Ukionekana wakati wowote kabla ya hukumu, shauri linarudi. Na amri ya kulirudisha kwa sababu hiyo haikatiwi rufaa. Bunge lililifunga hilo waziwazi, isipokuwa kwa mashauri machache ya haki za kiraia na ya maofisa wa serikali ya shirikisho.

Sasa tufike kwenye kiini, na hapa tunahitaji kurudi kwa mume na mke wa Kentucky walioumia katika ajali ya treni mwaka 1871. Bwana na Bibi Mottley waliachana na madai yao ya fidia, na kwa kubadilishana kampuni ya reli ya Louisville & Nashville iliwaahidi kusafiri bure maisha yao yote. Ahadi ilitimizwa miaka mingi. Mwaka 1906 Bunge la Marekani likapiga marufuku tiketi za bure, kampuni ikakataa kuwahuishia, nao wakaishtaki katika mahakama ya shirikisho. Katika hati yao ya madai waliandika kwamba kampuni imevunja mkataba, na kwamba kampuni itajitetea kwa ile sheria ya 1906, utetezi ambao kwa maoni yao haukuwa na maana kwa sababu sheria haikuwahusu na kama iliwahusu ilikiuka Katiba.

Pande zote mbili zilitaka jibu la swali hilo. Mahakama ya Juu ilikataa kulijibu mwaka 1908. Ilisema: dai lenu ni la kuvunjwa mkataba, na mkataba ni jambo la sheria ya jimbo. Sheria ya shirikisho inaonekana tu katika utetezi mnaoutarajia, na utetezi hauipi mahakama ya shirikisho mamlaka. Akina Mottley walianza upya katika mahakama za Kentucky, wakashinda, na mwaka 1911 Mahakama ya Juu ikawapindua kwa hoja ile ile iliyokataa kuisikiliza miaka 3 kabla. Walipoteza tiketi zao, na kanuni iliyobeba jina lao inatumika hadi leo: mamlaka hutazamwa katika hati ya madai ya mlalamikaji, si katika majibu ya mlalamikiwa. Mwaka 2009, katika kesi ya benki ya Discover na mteja wake wa kadi ya mkopo, mahakama hiyo hiyo ilisisitiza kwamba hata madai kinzani ya mlalamikiwa hayatoshi.

Ishike kanuni hiyo, kisha ichukue hati ya madai ambayo benki huwasilisha California baada ya mnada. Ni karatasi nyembamba. Inataja anwani ya nyumba. Inasema kulikuwa na hati ya rehani, kwamba mdhamini aliiuza nyumba kwa mnada kwa mujibu wa kifungu cha 2924 cha Sheria ya Madai ya jimbo, kwamba hati ya mauzo imesajiliwa, kwamba aliyekuwa mwenye nyumba alipewa notisi ya siku 3 na bado amekaa. Inaomba mambo mawili: benki ipewe nyumba, na ilipwe fidia ya kila siku ambayo mtu huyo ameikalia bila haki. Juu, chini ya jina la mahakama, kwa kawaida kuna mstari unaosema kwamba kiasi kinachodaiwa hakizidi dola 10,000.

Humo ndani hamna sheria ya shirikisho hata moja. Kila kifungu kinachotajwa ni cha California. Mwenye nyumba anaweza kujibu kwa kurasa 40 zinazotaja sheria ya ukweli katika mikopo ya 1968, sheria ya taratibu za mikopo ya nyumba ya 1974, Marekebisho ya 14 ya Katiba, na kila moja ikawa inamhusu kweli. Zote ni utetezi, na utetezi haufungui mlango wa kwanza. Ni kama mgonjwa wa moyo aliyefika kliniki ya macho: daktari anaweza kumwamini kabisa na bado asiweze kumtibu.

Mlango wa pili umefungwa kwa makufuli mawili. La kwanza ni kiasi. Watu husema: nyumba yangu ina thamani ya dola 600,000, mbona 75,000 imepita mbali? Mahakama hujibu kwamba kesi ya kumtoa mtu haigombei umiliki wa nyumba bali haki ya kuikalia, na kinachohesabiwa ni fidia inayoombwa. Tuseme benki inadai dola 80 kwa siku; siku 60 ni dola 4,800. Nyumba ikiwa ya mamilioni hesabu hiyo haibadiliki.

La pili lina historia inayofaa kukumbukwa. Njia ya kuhama iliwekwa mwaka 1789 kwa ajili ya mgeni aliyeogopa kwamba majaji na wazee wa baraza wa jimbo la mwenzake wangempendelea mwenyeji. Kwa sababu hiyo, sheria inasema mlalamikiwa aliye raia wa jimbo lile lile kesi ilikofunguliwa hawezi kuihamisha kwa msingi wa uraia tofauti. Yeye ni mwenyeji; hana wa kumwogopa. Na anayefukuzwa katika nyumba anayoishi Los Angeles ni nani, kama si mwenyeji wa California? Hata benki iwe na makao Carolina Kaskazini, hata dai liwe la dola milioni, kufuli hili linabaki. Anayeweza kupita ni yule adimu anayemiliki nyumba California akiishi Nevada, kwa mfano, na bado atalikuta kufuli la kiasi.

Njia nyingine zipo, ila ni nyembamba. Benki ikifilisika na kuwekwa chini ya shirika la shirikisho la bima ya amana, shirika hilo lina haki yake ya kuhamisha mashauri, kama ilivyokuwa baada ya IndyMac kufungwa Julai 2008. Kuna pia kifungu cha haki za kiraia, kilichokusudiwa mtu ambaye sheria ya jimbo lenyewe inamnyima usawa wa rangi mahakamani. Watu wanaofukuzwa nyumba hukitaja mara kwa mara, na majaji hukikataa, kwa kuwa kutotendewa haki na benki, hata kukiwa kukubwa namna gani, si jambo ambalo kifungu hicho kinalizungumzia.

Kwa nini basi watu wanaendelea kuhamisha? Wengine kwa kuamini kwa dhati kwamba jaji wa shirikisho ni mkubwa zaidi na kwa hiyo atakuwa na haki zaidi. Wengine wanajua kesi itarudi. Wanachonunua ni siku. Sitawalaumu haraka. Mama mwenye watoto wanaokaribia kufunga shule, ambaye hajapata pa kuhamia, wiki mbili kwake si kitu kidogo, na sheria ndiyo iliyoziweka pale. Ila bei ya siku hizo ielezwe yote. Ada ya kufungua jalada la shirikisho ni dola 405. Anayeomba msamaha wa ada kwa kiapo cha umaskini, Los Angeles, mara nyingi hupata amri moja inayokataa msamaha na kulirudisha shauri kwa pamoja. Jaji anaweza kumwamuru alipe gharama na ada ya wakili wa benki ikiwa hakuwa na msingi wa maana wa kuhamisha. Kipimo hicho kiliwekwa na Mahakama ya Juu mwaka 2005. Akirudia mara ya pili na ya tatu, anaweza kutangazwa msumbufu wa mahakama, na tangu hapo kila karatasi yake itahitaji kibali. Na akihamisha baada ya hukumu kutoka, sherifu akiwa ameshabandika notisi ya siku 5 mlangoni, anaweza kumsimamisha sherifu kwa muda mfupi, lakini hakuna tena kesi ya kusikilizwa upande wowote.

Kuna gharama nyingine ambayo kwangu ndiyo inayouma. Wakati shauri linazunguka, utetezi uliokuwa unawezekana katika mahakama ya jimbo unaachwa bila kuandaliwa. California inamtaka mnunuzi wa mnada athibitishe mambo mawili kabla ya kupewa nyumba: kwamba mnada ulifuata sheria na kwamba umiliki wake umekamilika. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya kampuni iliyoitwa Dr. Leevil, iliyonunua jengo la kutunzia wagonjwa kwa mnada na kumpa mpangaji notisi ya kuondoka kabla ya kusajili hati yake ya mauzo. Mahakama ilisema notisi ya namna hiyo haifai. Hati isajiliwe kwanza, notisi ifuate. Kwa hiyo mtu aliyepewa notisi ya siku 3 anaweza kuchukua kalamu na kulinganisha tarehe mbili, ya notisi na ya muhuri wa msajili. Notisi ikitangulia, ana utetezi halali, usiohitaji kutaja Katiba, na mahali pa kuutoa ni mbele ya jaji yule yule wa jimbo aliyekuwa anamkimbia. Tangu Januari 2025 mlalamikiwa wa kesi hizi California ana siku 10 za kazi za mahakama kujibu. Zamani zilikuwa 5. Siku hizo zikitumika kutafuta wakili wa msaada wa kisheria badala ya fomu za kuhamisha, zina faida zaidi.

Sitaki msomaji afikiri kwamba benki zina heshima maalumu kwa mahakama za majimbo. Mwenye nyumba akitangulia kuishtaki benki jimboni na kutaja sheria ya shirikisho, mawakili wa benki mara nyingi hulihamisha shauri kwa njia hii hii, na wao hawarudishwi, kwa kuwa safari hii sheria ya shirikisho imo ndani ya hati ya madai. Fannie Mae, taasisi kubwa ya mikopo ya nyumba iliyoanzishwa na serikali mwaka 1938, ilikwenda mbali zaidi: ilidai kwamba maneno ya hati yake ya kuundwa, yanayoiruhusu kushtaki na kushtakiwa katika mahakama yoyote yenye mamlaka, ya jimbo au ya shirikisho, yanatosha kuleta kila kesi yake mahakama ya shirikisho. Wanawake wawili wa California waliofungua shauri lao jimboni walijikuta wamehamishwa mwaka 2002. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba maneno hayo hayatoi mamlaka; yanataka mahakama ambayo tayari inayo. Kanuni inayomrudisha maskini ikamrudisha na tajiri, ingawa baada ya miaka 15.

Katika hati ya madai ndipo ilipo njia ya kweli kwa mwenye malalamiko ya sheria ya shirikisho: awe mlalamikaji. Dai likiandikwa na yeye mwenyewe linaonekana pale linapotakiwa kuonekana. Lakini muda ni kila kitu. Kanuni za shirikisho zilizoanza Januari 2014 zinamkataza msimamizi wa mkopo kuanza taratibu za kuuza nyumba kabla mkopaji hajachelewa zaidi ya siku 120. Mkopaji akileta maombi kamili ya nafuu zaidi ya siku 37 kabla ya mnada, mnada hauendelei mpaka maombi yajibiwe na nafasi ya rufaa pale inapostahili imalizike. Haki ya kufuta mkopo chini ya sheria ya 1968 hudumu miaka 3 kwa mikopo inayohusika, lakini hukatika nyumba inapouzwa, na haihusu mkopo wa kununulia nyumba hiyo. Sheria ya California iliyoanza Januari 2013 inafuata mstari huo huo: kabla hati ya mauzo haijasajiliwa, jaji anaweza kutoa zuio; ikishasajiliwa, kilichobaki ni fidia ya fedha. Nguvu yote imewekwa kabla ya nyundo ya mnada kupiga, na kesi ya kumtoa mtu huja baada yake. Tatizo la anayehamisha shauri, zaidi ya kuchagua mahakama isiyo yake, ni kwamba ameanza kupigana wakati silaha zake nyingi zimeisha muda.

Wanaojua hofu ya watu katika kipindi hicho huja na bei zao. Wapo wanaouza furushi la karatasi za kuhamisha shauri kwa mtu aliyebakiza wiki moja, wakimwambia hiyo ndiyo dawa. Tangu Januari 2011 kanuni ya shirikisho inawakataza watoa huduma za kuokoa nyumba kuchukua malipo kabla mkopaji hajapata na kukubali pendekezo la nafuu la maandishi kutoka kwa mkopeshaji. Mawakili wana msamaha wenye masharti. Anayedai fedha mbele na si wakili ameshakujulisha yeye ni nani.

Bado kuna mtu mmoja ambaye husahauliwa: mpangaji. Analipa kodi yake kila mwezi, hajui kwamba mwenye nyumba halipi mkopo, na siku moja anakuta karatasi mlangoni inayomtaka aondoke. Msomaji wetu anayeishi Columbus, Houston au Minneapolis anaweza kuwa mtu huyo. Mwezi Mei 2009 Rais Barack Obama alisaini sheria ya kuwalinda wapangaji wa nyumba zilizouzwa kwa rehani. Inamtaka mnunuzi wa mnada ampe mpangaji halali notisi ya angalau siku 90, na kama ana mkataba wa muda, aachwe aumalize, isipokuwa mnunuzi anahamia kuishi humo mwenyewe, ambapo siku 90 hubaki pale pale. Sheria iliisha mwishoni mwa 2014, ikarudishwa na Bunge mwaka 2018, safari hii bila tarehe ya kuisha.

Ni sheria ya shirikisho, na kwa hiyo wapangaji wengi wamejaribu kuitumia kuhamisha mashauri yao. Wamerudishwa kama wenye nyumba, kwa sababu ile ile: ni ngao, na ngao ni utetezi. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ya ukanda wa magharibi ilisema pia, mwaka 2013, kwamba sheria hiyo haimpi mpangaji haki ya kufungua kesi yake mwenyewe. Ukisikia hivyo unaweza kudhani sheria haina meno. Inayo, ila katika mahakama ya jimbo. Katiba ya Marekani inamfunga kila jaji wa jimbo kwa sheria za shirikisho, na jaji wa kesi ya kufukuza mtu nyumba hana hiari ya kuipuuza inapothibitishwa mbele yake. Kuthibitisha kunahitaji vitu vya kawaida: mkataba wa upangaji uliofanyika kabla umiliki haujahamia kwa mnunuzi, stakabadhi au taarifa za benki zinazoonyesha kodi inayokaribia bei ya soko au iliyopunguzwa kwa ruzuku ya serikali, na maelezo kwamba mpangaji si mume, mke, mtoto wala mzazi wa aliyekopa. Vikiambatanishwa na majibu yaliyowasilishwa kwa wakati, na notisi aliyopewa ikawa ya siku 3 au 30, kesi ya mnunuzi inaanguka hapo hapo jimboni, naye atalazimika kuanza upya kwa kuhesabu siku 90.